Mpira Unaishia Mlangoni

Timu ilipofungwa tena, safari hii nyumbani kwake na kwa goli la kizembe, watu waligawanyika makundi mawili. Kwa kinyozi walisema ni wachezaji: vijana wamevimba vichwa, wanakimbia kama wamebeba magunia, wakipewa pasi wanashangaa kana kwamba wameletewa posa. Sokoni walisema ni kocha: wachezaji ni wale wale waliomaliza nafasi ya tatu msimu uliopita, sasa hiyo miguu imebadilishwa lini? Kila upande ulikuwa na ushahidi wake na ulikuwa tayari kuapa. Hakuna hata mmoja, kwa kinyozi wala sokoni, aliyemtaja mke wa kocha.

Na yeye mwenyewe hakujitaja. Wakati mashabiki wakitoka uwanjani wakiburuza miguu, alikuwa barazani kwake kwenye cherehani, akipinda marinda ya sare za shule. Alikuwa na mdomo mkali na mkono mwepesi, na watu walimwita Fundi, hata wale waliolijua jina lake. Hakuhitaji kuuliza matokeo. Nyumba yao ilikuwa nyuma tu ya ukuta wa uwanja, na miaka ya kukaa pale ilikuwa imemfundisha kusikiliza. Goli la wenyeji lilitikisa mabati ya paa. Goli la wageni lilileta kimya.

Nyumba ilikuwa ya klabu, vyumba vitatu na sebule. Ilikuwa ya kocha kwa muda wote ambao angekuwa kocha, na siku atakayoacha kuwa kocha ilikuwa ya mwingine. Ndani walikuwa wanaishi Fundi na mumewe, watoto wao wawili, na mdogo wake Fundi, yule kijana aliyekuja kwao na begi moja baada ya wazazi kufariki, akaanza kama mwokota mipira na sasa ndiye nahodha wa timu. Kwa hiyo, wakati mji ukibishana kama ni kocha au ni wachezaji, wote wawili walikuwa wanatumia bafu moja.

Binti mkubwa aliingia mbio kutoka getini. "Mama! Wanamwita baba Bubu. Uwanja mzima. Bu-bu! Bu-bu! Na wanapiga makofi."

"Na wewe ulifanya nini?"

Mtoto alifikiri. "Nilipiga kidogo, halafu nikaacha."

"Nenda kaoshe miguu."

Kocha alirudi kwa mlango wa nyuma, kama mtu aliyekuja kusoma mita. Alikuwa pande la mtu, winga wa zamani ambaye enzi zake waliompenda walimwita Mkasi kwa jinsi alivyokata mabeki. Hakuwa bubu hata kidogo. Ukikaa naye mezani, wewe na yeye, ataongea mpaka chai ipoe na umsamehe. Ila mbele ya kundi la watu ulimi wake uligoma. Siku ya harusi yao alipewa nafasi ya kushukuru wageni, akasimama, akasema "Asanteni," akakaa, na mshereheshaji akauliza kwa kipaza sauti kama ndiyo imetoka hiyo. Fundi alicheka siku ile mpaka machozi yakaharibu poda. Alimpenda na ulimi wake wote, unaofanya kazi na usiofanya.

Nahodha aliingia kwa mlango wa mbele, viatu vya mpira mkononi.

"Pole, shemeji," alisema.

"Pole na wewe."

Wakaanza kula. Kocha akauliza kama maji yalitoka bombani leo. Nahodha akasema yalitoka asubuhi, yakakatika. Kocha akasema siku hizi maji hayaeleweki. Nahodha akasema kweli kabisa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya wanaume wawili waliotoka kufungwa pamoja saa moja iliyopita, na usiwashangae, maana walikuwa wanatii amri.

Amri ilikuwa ya Fundi. Zamani meza ile haikuwa na amani. Kila jioni kocha alikuwa akipanga timu juu ya chakula: kikombe hiki ni kipa, kijiko hiki ni beki wa kulia, kiberiti ni mshambuliaji wao yule mrefu. Nahodha alibisha, kocha akasogeza, nahodha akarudisha, na mlo uligeuka kipindi cha kwanza na cha pili. Siku moja, msimu huu ukiwa ndio umeanza na timu ikiwa juu kwenye msimamo, wakabishania beki wa kati asimame wapi wakati wa kona. Kocha akasukuma bakuli la mchuzi kwa nguvu kuonyesha. Bakuli likapaa likatua juu ya gauni la bibi harusi, ambalo Fundi alikuwa amelimaliza mchana ule na kulitundika kwenye kiti ili mwenyewe aje alichukue.

Fundi hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliliangalia gauni, akawaangalia wao, akasema, "Kuanzia leo, mpira unaishia mlangoni. Atakayeutaja humu ndani atajipikia, atajifulia, na atatafuta pa kulala." Wakakubali, kwa kuwa kosa lilikuwa lao na njaa haina nahodha. Nyumba ikatulia. Fundi akawa anawasifu kwa majirani kwamba siku hizi waungwana wake wamestaarabika.

Wiki hiyo hiyo timu ikaanza kufungwa. Hakuna aliyeunganisha uzi huo na sindano, hata yeye, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo.

Walikuwa bado mezani Mwenyekiti wa klabu alipobisha hodi. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na tabia ya kuangalia kuta za watu. Alikaribishwa kiti, akasema hana muda, akabaki amesimama.

"Mmepaka rangi?"

"Chokaa tu," alisema Fundi.

"Pamependeza. Atakayekuja atafurahi." Alijishtukia. "Yaani wageni. Wageni watafurahi."

Watoto wakamtazama. Mwenyekiti akakohoa, akasema kutakuwa na mkutano wa wanachama Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa klabu. Kocha atasimama aeleze, nahodha atasimama aeleze, kisha kamati itaamua. "Ama tumwache mwalimu, ama tuwaache wachezaji. Hatuwezi kuendelea hivi, ndugu zangu. Tutashuka daraja." Aliyasema hayo macho yake yakiwa kwenye dari, pale palipovuja mvua zilizopita.

Alipoondoka, kila mtu mezani alikuwa amekwisha piga hesabu yake kimya kimya. Akiachwa kocha, wanahama. Wakiachwa wachezaji, wa kwanza kukatwa ni nahodha, na mpira ndicho kitu pekee alichokuwa nacho mdogo wake Fundi ambacho hakupewa na mtu.

"Maji yakitoka," alisema kocha, "tujaze pipa."

*

Jumamosi Fundi alimpelekea mdogo wake chakula kazini. Nahodha alikuwa fundi baiskeli, na kibanda chake kilikuwa kimejaa vijana wenzake wa timu waliokaa juu ya matairi. Walipomwona wakainuka wote kwa pamoja, wakamwamkia kwa adabu iliyozidi kiasi, wakakumbuka shughuli zao, wakaondoka.

"Wanataka nini?"

"Wanataka niseme ukweli kesho."

"Ukweli upi?"

Nahodha alikuwa anazungusha gurudumu, akitazama mahali lilipopinda. "Kwamba kocha haongei na sisi. Mazoezini anasema panda, rudi, haya. Basi. Mapumziko tunakaa, anatuangalia, anafungua mdomo, anafunga, filimbi inalia. Dada, sisi tunaingia uwanjani kila mtu na mpango wake. Beki anapanda hajui nani anamfunikia. Halafu tunafungwa, mnasema tumevimba vichwa."

"Huyo ndiye aliyekupokea."

"Najua."

"Aliyekununulia viatu vya kwanza, nikamgombeza kwa sababu yako."

"Dada, najua. Unafikiri nalala usingizi nikilijua hilo?" Alisimamisha gurudumu. "Nikisema ni sisi, wanatukata. Mimi, kipa, na wale wa kati. Nikisema ni yeye, mnahama. Niambie wewe niseme lipi, nami nitalisema hilo hilo."

Fundi alikusanya vyombo vya jana, akarudi nyumbani akiwa na hasira, na kwa kuwa hakujua amkasirikie nani, alimkasirikia mwenye duka aliyemuuzia uzi uliochakaa.

Jioni alimfungia mumewe chumbani, wao wawili. "Simama. Fanya kama kabati ndilo Mwenyekiti. Liambie yote utakayosema."

Kocha alikuwa ameketi kitandani. "Nitasema hivi," akaanza, na akasema vizuri ajabu: kwamba viungo wawili wanaufuata mpira kwa pamoja na kuacha shimo, kwamba kipa anaogopa kutoka kwa sababu hajui beki wake yuko wapi, kwamba vijana hawana ubaya wowote ila wamepoteana.

"Basi si ndiyo hayo! Sasa yaseme umesimama."

Akasimama. Akalitazama kabati. "Ndugu Mwenyekiti," alisema kocha. Wakasubiri, yeye na mkewe na kabati. Halikuja lingine.

"Mwanzoni ulikuwa unawaambiaje?" aliuliza Fundi. "Msimu uliopita, mlipokuwa mnashinda?"

"Walikuwa wanaelewa tu," alisema kocha, akakaa. Na huo haukuwa uongo. Alikuwa kweli hajui.

*

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Fundi alikuwa mwanachama, maana ndiye aliyeshona namba za jezi, na alikaa nyuma pamoja na wanawake wawili wa upishi. Mbele ilikaa kamati nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani, na pembeni yao, kila mmoja kwenye kiti chake, mume wake na mdogo wake, wakiwa wamevaa mashati aliyoyapiga pasi yeye asubuhi ile.

Kocha aliitwa kwanza. Alisimama. Mikono yake ikatafuta mifuko, ikaikosa.

"Wachezaji wangu," alisema, "ni wazuri."

Watu wakasubiri. Mtu wa kwanza alikohoa, halafu wa pili. Feni ilizunguka juu yao ikisaga upepo ule ule.

"Mimi," alisema kocha. Akaitazama kamati. Akautazama ukumbi, na Fundi akaona jinsi ukumbi ulivyomtazama naye, macho mengi yasiyo na huruma, na akatamani kupanda juu ya benchi aseme kwa niaba yake kila alichosema jana kitandani. Alikuwa kesha inuka nusu. Mumewe alimwona, akatikisa kichwa, kidogo tu, na yeye akaketi.

"Bubu!" mtu alipaza sauti kutoka dirishani, na ukumbi ukacheka, baadhi yao kwa aibu.

Kocha akakaa.

Kisha nahodha. Alisimama akashika kiti chake kwa nyuma, akasema bila kuinua macho. "Kocha haongei na sisi. Sisemi kwa ubaya. Hatujui anataka nini. Tukijua tutacheza."

"Msimu uliopita mlicheza," alisema Mwenyekiti. "Wakati huo alikuwa anaongea?"

Nahodha akainua macho, akatafuta mstari wa nyuma, akayapata macho ya dada yake. Fundi hakuelewa wakati ule alikuwa anaulizwa nini.

"Msimu uliopita tulielewa."

"Mlielewaje, kama haongei?"

"Tulielewa tu, Mwenyekiti."

Kamati ikatoka nje. Haikukaa sana huko, jambo lililoonyesha kuwa ilikuwa imekwenda kuvuta hewa tu. Iliporudi, Mwenyekiti alimshukuru kocha kwa utumishi wake, akawaomba wanachama wampigie makofi, na wakampigia, kwa nguvu zaidi kuliko walivyowahi kumpigia msimu mzima. Timu, alisema, mpaka mwisho wa msimu itashikwa na nahodha, kwa sababu klabu haina uwezo wa kuajiri mtu mpya sasa hivi. "Na nyumba," aliongeza, akionekana kufurahi kwamba jambo moja angalau limejipanga lenyewe, "tunashukuru Mungu haina haja ya mtu kuhama. Kocha mpya anaishi humo humo."

Ukumbi ukacheka tena. Fundi alimtazama mume wake, aliyekuwa anajaribu kucheka pamoja nao.

*

Hata kuhamishwa kungekuwa na heshima zaidi. Siku iliyofuata mtu wa klabu alileta funguo mpya za stoo ya vifaa, akamkabidhi nahodha mlangoni huku kocha akiwa amesimama pale pale na kikombe cha chai. Watoto waliuliza kama sasa mjomba ndiye baba mwenye nyumba, na walichapwa bila kuelezwa kosa. Kocha alijitolea kwenda kununua mkaa, kurekebisha mlango wa choo, kumpeleka mtoto kliniki. Alikuwa anajifanya mgeni mwema, na Fundi aliumia kuona mume wake anaomba ruhusa ya kufungua redio.

Siku ya tatu alishindwa. Alimkuta mdogo wake sebuleni, amekaa mbele ya meza tupu, mikono kichwani.

"Raha, eh?" alisema Fundi. "Umekikalia kiti chake, umelala kwenye nyumba yake. Bado shati."

"Dada."

"Ulimwona pale mbele. Ulimwona! Ungeshindwa nini kusema neno moja?"

"Neno gani?" Nahodha aliinuka, na sauti yake ilipanda mpaka watoto wakaacha kucheza uani. "Niseme kwamba timu ilikuwa inafundishwa hapa? Hapa, juu ya sahani zako? Jioni ananieleza mimi, asubuhi mimi nawaeleza wenzangu, wanadhani ni akili zangu. Hivyo ndivyo tulivyoelewa! Halafu nani aliyeifunga shule? Ungetaka nisimame mbele ya watu wote nimseme dada yangu?"

Fundi alikuwa na jibu la kila kitu, mwanamke huyu. Wateja waliobisha bei walikuwa wanarudi nyumbani wamelipa na kuomba radhi. Safari hii alivuta kiti akakaa.

"Nyinyi mngeweza kuongea nje," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Dunia nzima mmeachiwa, mimi nimechukua sebule tu."

"Wapi? Uwanjani akiniita pembeni wanasema shemeji anapendelewa. Nikifunga kazi nimechelewa, yeye kesha rudi. Mimi nilidhani amenichoka. Sikujua kwamba bila meza yeye hawezi." Alikaa tena. "Na mimi bila yeye siwezi. Jana mazoezini nimewaambia panda, rudi, haya. Nimejisikia nikisema."

Fundi alitoka. Mume wake alikuwa nyuma ya nyumba, anapigilia msumari kwenye ubao ambao haukuhitaji msumari. Alisimama karibu naye mpaka akamaliza.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyewafunga midomo. Nimekuponza, baba watoto. Kwa gauni."

Kocha aliweka nyundo chini. Alipoanza kuongea aliongea kama siku zote wanapokuwa wawili, polepole na bila kukwama. "Gauni lile lilikuwa zuri, na sisi tulikosa adabu. Lakini kocha gani anafundisha timu nzima kupitia mtu mmoja? Nilikuwa najificha kwa shemeji yangu. Yeye hakunicheka, basi nikaona inatosha. Wewe ulipofunga mlango ndipo ikajulikana kwamba sikuwa na mwingine."

"Basi ni wewe?"

"Ni mimi. Na vijana nao, wangeuliza. Mtu mzima anaambiwa panda, hajui kwa nini, anapanda tu." Aliokota msumari mwingine. "Hilo halina mwisho. Wewe usijibebeshe."

Alijibebesha hata hivyo. Kuna watu wakiambiwa hawana kosa wanaongeza jingine, kosa la kudekezwa.

*

Jioni aliweka chakula mezani mapema, jua likiwa bado dirishani. Watoto aliwalisha kwanza akawatoa. Akakaa na wanaume wake wawili, akasema, "Amri imefutwa. Ongeeni."

Nahodha aliona haya kumuuliza mtu ambaye kazi yake ameichukua yeye. Kocha aliona haya kumfundisha mtu ambaye kamati imemwona anafaa kuliko yeye. Wakala, na ile kula yao ilimtia Fundi uchungu kuliko kelele zote za zamani. Aliona kwamba midomo aliyoifunga yeye kwa neno moja haifunguki kwa neno moja.

"Mimi nina swali," alisema. "Kipa si mmoja?"

"Mmoja," alisema nahodha.

"Sasa kama anaogopa kutoka, kwa nini msiweke wawili? Mmoja anatoka, mmoja anabaki golini."

Wakamtazama.

"Dada, sheria haziruhusu."

"Basi huyo wa pili mvalisheni jezi ya kawaida, refa atajuaje?"

Kocha alianza kutikisika mabega. "Atajua akiudaka mpira, mke wangu."

"Asiudake! Nani kasema audake? Asimame tu pale, ajaze nafasi."

"Hiyo," alisema kocha, huku akifuta macho, "inaitwa beki."

"Haya, basi huyo beki wenu yuko wapi siku zote mnazofungwa?"

Nahodha akasema, "Amepanda." Na kocha akasema, "Anapanda mapema mno." Na nahodha akasema, "Anapanda kwa sababu kiungo hamletei mpira." Na kocha akasogeza kikombe, "Kiungo hamletei kwa sababu wewe umesimama hapa, ungesimama huku," na nahodha akakirudisha, "Nikisimama huko, yule mrefu wao nani anamkaba?" Fundi aliinuka polepole, akachukua nguo za wateja zilizokuwa kwenye viti, akazipeleka chumbani zote, akafunga mlango wa chumba. Aliporudi walikuwa wamekwisha maliza vikombe na wanatumia viatu vya watoto.

Ikawa hivyo mpaka mwisho wa wiki. Jioni kwenye meza, asubuhi uwanjani. Mji haukujua.

*

Jumamosi walikwenda wote. Kocha alinunua tiketi kama watu wengine, na mkata tiketi, aliyekuwa akimpigia saluti mwezi uliopita, alimrudishia chenji bila kumtazama usoni. Walisimama kwenye uzio, upande wa jua, mke na mume na watoto wao.

Tangu dakika za mwanzo ilionekana. Vijana walikuwa wale wale, lakini sasa kila mmoja alikuwa anajua mwenzake yuko wapi. Nahodha alicheza katikati ya ulinzi na kuongea bila kunyamaza. Alipiga kelele, alinyoosha mikono, alimvuta huyu, alimsukuma yule. Kabla ya mapumziko wakafunga. Kipindi cha pili wakafunga tena, na Fundi aliyekuwa amezoea kusikia goli kwenye mabati ya paa lake alishangaa jinsi lilivyo kubwa ukilisikia kwa mwili.

Mwenyekiti alikuwa anapita nyuma ya uzio na wageni wake, amevaa suti, uso umenawiri. Alipomwona Fundi alisimama. Macho yake yalimpita kocha, kama mtu anavyopita nyumba aliyowahi kudaiwa.

"Umeona, Fundi? Tulisema. Wachezaji hawakuwa na tatizo lolote." Alimwelekeza mgeni wake uwanjani, kwa nahodha. "Yule ni ndugu yake huyu mama. Kijana ana kichwa. Sijui haya mambo kajifunzia wapi."

Fundi alivuta pumzi. Alikuwa na maneno yote mdomoni, tayari, yamepangika: mezani, bwana mkubwa, mezani kwangu, na aliyemfundisha ni huyu unayempita kama nguzo. Mji mzima ungesikia. Ndipo akaona kitakachofuata. Wangesema nahodha ni mdoli, kocha ni yule yule, na wote wawili wangetoka kwenye ile nyumba kabla ya mvua. Mkono wa mume wake ulikuwa umekamata kiganja chake, si kwa nguvu.

"Kajifunzia nyumbani, labda," alisema Fundi.

"Labda," alisema Mwenyekiti, akacheka, akaenda zake.

Yeye akageukia uwanja. Beki wa kulia alikuwa anaanza kupanda, na winga wa wageni alikuwa amemwona. Kando yake mume wake alikuwa ameinama juu ya uzio, macho yamemtoka, midomo ikicheza bila sauti. Fundi aliyasoma maneno kwenye ile midomo: subiri, subiri, sasa. Na kutoka katikati ya uwanja, nusu pumzi baadaye, sauti ya mdogo wake ikapasua kelele zote: "Subiri! Subiri! Sasa!"

Mpira ukaokolewa. Watu wakaruka, wakaimba jina la utani la nahodha ambalo halikuwapo wiki iliyopita. Fundi alilia pale pale, hakujificha, na mwanamke aliyesimama karibu naye, akidhani ni furaha ya ushindi, akamkumbatia na kumwambia hongera, kweli timu imepata kocha.